Je, ni sataranji iliyomtoa Phiona kwenye umaskini? Jibu kwa mjomba wa Wete

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Nina mpwa wangu wa kike mwenye umri wa miaka 11, anasoma skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Mwalimu wake wa hesabu alimfundisha sataranji, kisha tukaangalia pamoja filamu ya Queen of Katwe kwenye simu yangu. Tokea siku hiyo hana jengine ila sataranji, na anasema atamjengea mama yake nyumba kama yule msichana wa Uganda. Mama yake, ambaye ni dada yangu, analima mwani, na anahofia mtoto ataacha skuli na chuo cha Qur'ani kwa ajili ya mchezo. Wapo pia wanaomwambia kuwa mchezo wenyewe haufai kwa dini. Naomba kujua: mambo ya filamu ile ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, sisi tumfanyie nini mtoto huyu?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullah, ndugu yangu.

Nianze na lile unalotaka kulijua kwanza. Filamu ile imesimama juu ya mambo yaliyotokea kweli, na kwa filamu za aina yake imeuchunga ukweli kuliko nyingi nilizoziona. Lakini mtu akiiangalia mara moja, khasa akiwa mtoto, hubaki na dhana kuwa ushindi wa mezani ndio uliomtoa Phiona Mutesi, yule msichana wa Uganda, kwenye umaskini. Haikuwa hivyo, na filamu yenyewe haisemi hivyo. Sataranji ilimpa sababu ya kufika kila siku mahali palipokuwa na chakula, na mtu mzima wa kumwangalia, na baadaye daftari na kalamu, na hayo ndiyo yaliyomvusha. Naishikilia tafauti hiyo katika jibu langu lote, kwa sababu yale yaliyomzunguka Phiona mnaweza kuyatafuta hapo hapo Wete, ilhali medali hakuna anayeweza kumwahidi mtoto wa mwenziwe.

Kwa ufupi, kisa chenyewe ni hiki. Phiona alikulia Katwe, mtaa wa mabanda katika jiji la Kampala. Baba yake alifariki kwa UKIMWI yeye akiwa bado mdogo sana, mama yake Harriet akabaki na watoto akiuza vyakula, ada ikashindikana, na mtoto akatoka skuli akawa anauza mahindi mitaani. Alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, kijana aliyesomea uhandisi na aliyekuwa akifanya kazi na taasisi moja ya Kikristo ya michezo, alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mwaka 2010 alicheza Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, katika mji wa Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata daraja la Mgombea Ustadi kwa wanawake (Woman Candidate Master), wakawa wanawake wa mwanzo wa Uganda kupata daraja la shirikisho la dunia, FIDE. Mwandishi wa Marekani Tim Crothers aliandika makala juu yake mwaka 2011 na kitabu mwaka 2012. Mira Nair, muongozaji mzaliwa wa India aliyeishi Kampala miaka mingi, akatengeneza filamu iliyotoka mwaka 2016. Mama Harriet aliigizwa na Lupita Nyong'o, Katende akaigizwa na David Oyelowo, na Phiona akaigizwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye mwenyewe aliwahi kuuza mahindi barabarani. Kama mlizima simu kabla ya maandishi ya mwisho kumalizika, rudini mukayaangalie, kwa sababu pale kila muigizaji anasimama bega kwa bega na mtu halisi aliyemuigiza, na mpwa wako ataona kwa macho yake kuwa wale ni watu wa kweli.

Ambacho filamu haina budi kukifanya ni kufupisha miaka. Tokea Phiona aliposhika kete ya kwanza hadi Istanbul ilipita karibu miaka saba ya kwenda mazoezini siku baada ya siku, na sisi tunaiona kwa muda wa saa mbili. Mtoto hawezi kuuona muda huo peke yake. Lazima mtu mzima amwonyeshe.

Sasa nakuombeni muiangalie tena, safari hii na dada yako akiwepo, na macho yenu yasiwe kwenye ubao wa sataranji. Mtazameni Katende anafanya nini. Kabla ya mchezo kuna uji. Kabla ya mashindano kuna mwalimu anayetafuta fedha za kiingilio na kubishana na wakubwa ili watoto wa mabandani waruhusiwe kucheza na watoto wa skuli kubwa ya King's College Budo. Mke wake, ambaye ni mwalimu, anawafundisha watoto kusoma, kwa sababu Phiona alikuwa hajui, na mchezaji asiyejua kusoma hawezi kufungua kitabu cha sataranji wala kuandika hatua za mchezo wake. Na ipo sehemu, ndogo kwa urefu, ambayo mimi huwasimamishia wazazi kila ninapoionyesha: usiku wa Budo, watoto wamepewa vitanda vizuri vyenye mashuka, na wao wanateremka wakalala pamoja sakafuni. Katika dakika ile muongozaji ameonyesha kitu ambacho hotuba nzima isingekieleza, kwamba mtoto wa kimaskini kinachomshinda mwanzo si hesabu za mchezo. Kinachomshinda ni kuamini kuwa mahali pale na yeye ni pake. Mpwa wako akija Unguja siku moja kucheza na watoto wa skuli za kulipia, atakutana na jambo hilo kabla hajasogeza kitunda (kete ndogo ya mstari wa mbele) cha kwanza, na ni vyema akutane nalo akiwa na mtu wake.

Kuhusu nyumba. Ni kweli kuwa filamu inamalizikia kwa familia kuingia katika nyumba yao wenyewe, na hiyo ndiyo picha iliyomkaa mpwa wako moyoni, wala simlaumu. Lakini Olimpiadi ya sataranji haina zawadi ya fedha. Timu hupigania medali na nafasi, na daraja alilolipata Phiona halina mshahara. Hali ya familia ile ilibadilika kwa sababu kisa chake kilijulikana duniani kupitia makala, kitabu na filamu, na kwa sababu wafadhili waliojitokeza walimrudisha skuli, mpaka akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington, Marekani. Kisa cha namna hiyo hakiandikwi kwa kila mtoto anayecheza vizuri. Wenzake kadhaa wa pale alipofundisha Katende walicheza kwa bidii ile ile, na hakuna aliyetengenezewa filamu. Walichobaki nacho ni masomo waliyosaidiwa kuyarudia, na mimi nasema hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa katika habari nzima.

Kwa hiyo mtoto akikwambia kuwa atamjengea mama nyumba, usimvunje moyo na wala usimwitikie tu. Mwambie ukweli kwa upole: kwamba katika dunia nzima wanaoishi kwa kucheza sataranji peke yake ni wachache sana, kwamba ili mtu aitwe Ustadi Mkuu (Grandmaster) lazima afikishe alama 2500 za FIDE na pia afanye vizuri mara kadhaa katika mashindano makubwa mbele ya wachezaji wenye madaraja, na kwamba Phiona mwenyewe hakufika huko, akachagua kusoma. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuubeba ukweli huo. Ambacho hatakiweza ni kuahidiwa kisha akagundua mwenyewe akiwa na miaka 16.

Nije kwenye hofu ya dada yako, kwa sababu naiona ni hofu ya haki. Katika filamu, Harriet anamtilia shaka Katende kwa muda mrefu, na mtazamaji mwenye haraka humwona kama mama anayezuia kheri ya mtoto wake. Mimi namwona ndiye mtu mwenye akili kuliko wote mle ndani. Ameshaona watu wakija na ahadi, ameshaona binti yake mkubwa akiondoka na mwanamme mwenye pikipiki, na anajua kuwa mtoto akionjeshwa maisha ambayo nyumbani hayapo, kumrudisha ni kazi. Na linatokea hasa hilo: Phiona anarudi kutoka safari, nyumbani hapamtoshi, na kazi za nyumbani zinamchukiza. Mama yake mtoto akilisema hilo, asijibiwe kwa neno la "usimzibie riziki". Aingizwe ndani ya jambo. Mwalimu wa hesabu aende nyumbani akae naye, amweleze wanacheza siku gani, saa ngapi, wapi, na nani yuko pale, na mtoto wa kike anarudi nyumbani na nani.

Ratiba nayo ifuate maisha yenu. Bamvua inapofika na maji yakikupwa mbali, mama anaingia pwani kufunga na kuvuna mwani, na mikono ya mtoto inahitajika. Siku hizo sataranji ikae pembeni bila ya ugomvi. Maji yakiwa mafu, kazi ya pwani hupungua na jioni zinapatikana. Chuo kina saa zake, na hazifai kuguswa. Nimewaona walimu wenzangu, wenye nia njema kabisa, wakipanga mazoezi kwa kalenda ya mjini kisha wakashangaa kwa nini watoto wa vijijini hawaji. Katende alifanikiwa kwa sababu alianza na njaa ya watoto aliyoikuta. Na sisi wa visiwani tuanze na maji kujaa na kupwa.

Upande mmoja mna nafuu ambayo Harriet hakuwa nayo. Tokea tarehe 23 Septemba 1964 elimu Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo, na mtoto hatolewi darasani kwa ada kama alivyotolewa Phiona. Yamebaki ya sare, madaftari, nauli na masomo ya ziada, nayo si madogo kwa mama anayelipwa kwa kilo ya mwani mkavu, lakini ni mambo ambayo mjomba mmoja na mwalimu mmoja wakishikana wanaweza kuyapunguza. Kama una fedha kidogo ya kumsaidia mtoto huyu, sitakushauri ununue ubao wa gharama. Nunua sare na madaftari kwanza, na ubao uchoreni kwenye boksi.

Kuhusu dini, mimi ni mwalimu wa sataranji na si mwanachuoni, kwa hiyo nitaeleza kile kinachojulikana na mengine mutamuuliza sheikh wenu. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya mchezo huu tokea zamani, na wapo wa madhehebu nyengine walioukataza moja kwa moja. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, kauli aliyoiandika Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ni kuwa ni makruhu, yaani haupendezi ingawa si haramu, na wanavyuoni wanaongeza kuwa huharamika ukiingia kamari, au ukimpitisha mtu wakati wa Sala, au ukaambatana na matusi. Katika darasa langu hakuna dau la aina yoyote, hata la peremende, na adhana ikisikika kete zinaachwa pale pale zilipo. Nakushauri mwalimu wa huko afanye hivyo hivyo, na alitangaze kwa wazazi mapema. Jambo jengine munalopaswa kulijua ni kuwa kazi ya Katende ilikuwa chini ya taasisi ya Kikristo, na filamu inaonyesha sala zao. Mumweleze mtoto hivyo bila ya kificho. Na ile sehemu ya dada mkubwa na mwanamme wa pikipiki ni bora mama aiangalie na binti yake na waizungumze, kwa sababu hatari ile ipo Wete kama ilivyo Kampala.

Sasa mchezo wenyewe. Filamu inamsifu Phiona kwa kuona hatua nane mbele, na watoto wengi wakitoka pale hujaribu kuhesabu hatua nane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapotezi michezo kwa kutoona hatua ya nane. Anapoteza kwa sababu ameacha farasi wake bila ya mlinzi na hakuangalia hatua moja tu ya mpinzani. Mfundisheni mpwa wako ajiulize, kila mara kabla ya kugusa kete: mwenzangu alipocheza vile alitaka nini? Mikono aikalie, kwa maana halisi, aiweke chini ya mapaja, mpaka jibu lipatikane. Inaonekana kama jambo la kitoto, lakini nimeona mabadiliko makubwa kwa watoto waliolizoea hilo kuliko kwa waliokaririshwa hatua za mwanzo za mabingwa.

Kisha aanze na mwisho wa mchezo. Mpe mfalme na ngome, na upande wa pili uweke mfalme peke yake, umwambie amfungie, yaani amshambulie asiwe na pa kukimbilia. Mara ya kwanza atakimbilia kutoa shaha (kumshambulia mfalme) kwa ngome huku na huku, na yule mfalme atakuwa anatembea tu katikati ya ubao bila ya wasiwasi. Mwache ahangaike. Baada ya muda ataona, au utamwonyesha kwa kidole, kuwa ngome ikisimama kwenye mstari mmoja humkatia mfalme njia, na kwamba mfalme wake mwenyewe, aliyekuwa amemwacha kona, lazima atembee kuja kusaidia. Hapo wanambana hatua kwa hatua hadi ukingoni. Ajue pia kuwa hatua 50 zikipita bila ya kete kuliwa wala kitunda kusogea mchezo unaweza kudaiwa sare, na kuwa mfalme asiyeshambuliwa lakini asiye na pa kwenda, na hakuna kete nyengine ya kusogeza, ni sare pia. Watoto hulia sana wanapopoteza ushindi kwa njia hiyo, na ni bora walie nyumbani kuliko mashindanoni. Zoezi hili moja lina subira, mpango na ushirikiano wa kete mbili, na linaweza kufanywa kwa kete tatu tu barazani.

Simu ina faida, kwa kuwa programu kama Lichess ni ya bure na ina mafumbo mengi ya kujipima. Lakini simu humvuta mtoto kwenye michezo ya dakika tatu, ambako anabofya badala ya kufikiri. Mafumbo machache kwa siku, kisha mchezo mmoja mrefu wa ubaoni, na kila hatua iandikwe kwenye daftari. Daftari hilo ndilo mwalimu wake wa baadaye atakaloomba kuliona kabla ya kitu chochote.

Na msiwasahau wazee wa bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina nyumba 64 na kete 32, na ingawa kanuni haziingiliani, mzee aliyezoea kuhesabu mtaji wake (hatua ya kula kete za mwenziwe) mashimo mengi mbele kabla ya kunyanyua kete ana tabia ile ile tunayoitafuta. Kama yupo fundi wa bao mtaani kwenu, mtoto akae pembeni yake akiwa na mjomba wake, atazame tu. Utulivu wa uso wa mtu anayejua kuwa ameshinda hatua kumi kabla ya mwenziwe kujua ni somo ambalo mimi siliwezi kulifundisha kwa maneno.

Lililobaki ni kushindwa. Phiona alipokwenda Urusi alikutana na wachezaji waliofundishwa na walimu wa kulipwa tokea utotoni, akafungwa, na filamu haikuficha machozi yake wala kukata tamaa kwake. Tafadhali msimpeleke mpwa wako kwenye mashindano yoyote kabla hajafungwa mara nyingi na watu wanaompenda. Mwalimu wake amfunge, kaka zake wamfunge, na wewe ukijifunza mfunge pia, kisha kaeni nyote wawili mutafute hatua ambayo mchezo uliharibika. Asiyejua kuurudia mchezo aliofungwa hakui, hata akiwa na kipaji cha namna gani.

Kwa mwezi huu ninakuomba ufanye mambo haya tu: mkutanishe dada yako na mwalimu wa hesabu, mtafutieni mtoto wenzake wa kike wawili au watatu wa kucheza nao, kwa sababu msichana aliye peke yake katikati ya wavulana huacha mapema, na anunuliwe daftari la mistari la kuandikia michezo. Akishajua kumfungia mfalme kwa ngome bila ya kusaidiwa, niandikie tena na uambatanishe picha za kurasa mbili za daftari hilo, za michezo aliyoshindwa, nami nitakwambia aanze kusoma nini.